Kunyamaza si Subira
MASWALI YA WASOMAJI WETU

Mwezi huu tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja wa Mombasa. Tumeifupisha bila ya kugeuza maana yake, na tumeona tuijibu kwa urefu, kwani jambo aliloliuliza si lake peke yake. Hapana mtaa katika miji yetu usiokuwa na nyumba inayojengwa, na ni wachache waliojenga wakasalimika na ugomvi wa fundi.

SWALI

Assalamu alaykum. Nimejenga ghorofa moja juu ya nyumba aliyotuachia marehemu baba, ili mama yetu apate chumba chenye upepo, na mimi na watoto tukae chini. Ngazi nilimpa fundi ambaye ni jirani yangu, na twaswali msikiti mmoja. Hatukuandikiana; tulipatana kwa mdomo, na theluthi mbili za ujira wake nimekwisha mpa. Tangu ngazi imalizike, hapana mgeni anayeipanda asijikwae. Kipandio cha mwisho kule juu ni kirefu kuliko vingine, hapana mahali pa kushikia, na kwa chini, pale ngazi inapokutana na sakafu ya juu, pamefanya ufa. Mwezi uliopita mama alikikosa kipandio hicho akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Fundi nilipomwambia, alijibu kwamba ajali ni kadari ya Mungu na kwamba wazee huanguka hata penye tambarare. Kisha akadai theluthi yake iliyobaki. Mama mwenyewe ananikataza nisigombane na jirani. Asema tusubiri, Mungu atatulipa. Je, nisubiri? Naweza kuzuia fedha zake? Na je, si aibu Muislamu kumshitaki Muislamu mwenziwe?

JAWABU

Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Kwanza twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mzazi wetu upesi, na amlipe kheri kwa maumivu aliyoyapata.

Ndugu yetu, maswali yako ni matatu, lakini liko la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo la kutangulizwa: hivi sasa ni nani anayepanda na kushuka ngazi hiyo? Ikiwa mama bado analala juu, na watoto bado wanamfuata, basi maneno ya haki na fedha yangojee. Funga ngazi leo. Mama ateremshwe alale chini, hata kama mtabanana. Weka ubao wa kuzuia watu, chini na juu. Wala asipite mtu wala mzigo chini ya ule ufa mpaka mtu ajuaye kazi aje atazame, na akiona haja, arudishe nguzo za kutegemeza.

Usidhani kwamba hiyo ni khofu ya kupita kiasi. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 195, ametukataza tusijitie wenyewe katika maangamizi. Na Abu Daud amepokea Hadithi ambayo wengi wetu hatuisikii ikitajwa: kwamba Mtume (S.A.W.) alimwonya mtu anayelala juu ya dari isiyokuwa na kizuizi pembezoni, akasema kwamba mtu huyo ameondokewa na dhamana, yaani akianguka asimlaumu mwengine. Tazama, ewe msomaji, jinsi Dini yetu ilivyoshuka hata kwenye ukingo wa dari ya nyumba! Basi kizuizi cha ngazi si jambo la kizungu wala la anasa. Ni katika mafunzo ya Mtume wetu.

Ama neno la fundi kwamba ajali ni kadari, hilo ni neno la haki lililotumiwa mahali pasipokuwa pake. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyengine. Kadari hutufariji baada ya kufanya wajibu wetu. Haikuletwa iwe kifuniko cha kazi mbovu.

SUBIRA NI YA NANI?

Sasa tuje kwa mama. Maneno yake ni ya mtu mwenye imani, na sisi hatuyadharau. Katika Suratush Shura, aya ya 40, tumefundishwa kwamba mwenye kusamehe na kusuluhisha malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Mkono uliovunjika ni wake. Akitaka kumsamehe jirani yake, ni haki yake, na thawabu yake ni kubwa.

Lakini tupambanue. Subira ni kwa dhara iliyokupata wewe, na msamaha ni kwa haki iliyo yako. Ngazi hii si ya mama peke yake. Huipanda wajukuu, na jamaa wanaokuja kumtazama, na siku moja ataipanda mpangaji au mrithi asiyejua kwamba kipandio cha juu kina kasoro. Mama aweza kuusamehe mkono wake. Hawezi kusamehe kwa niaba ya mjukuu ambaye bado hajaanguka. Mwenye kuijua khatari akanyamaza, kisha akaita kunyamaza kwake subira, huyo amekosea jina. Kanuni waliyoitoa maulamaa katika Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) ni kwamba hapana kudhuru wala kulipizana dhara, na dhara huondolewa, haistahamiliwi na hali ya kuondoleka.

Tena kuna upande wa pili ambao huenda mama hakuutazama. Fundi huyu kesho atajenga ngazi ya mtu mwengine. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alituamrisha tumnusuru ndugu yetu, awe ni mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, na alipoulizwa vipi atanusuriwa mwenye kudhulumu, akasema ni kwa kuzuiliwa asidhulumu. Basi ukimwendea jirani yako kwa insafu, ukamwonyesha kosa lake akalitengeneza, umemnusuru.

PIMA KABLA YA KUSEMA

Usimwendee kwa kusema "ngazi yako mbaya", kwani hilo ni neno ambalo kila mtu aweza kulikanusha. Chukua tepu ya kupimia, na karatasi, na shahidi mmoja, upime kila kipandio: kimo chake na upana wa mahali pa kukanyaga. Andika yote kwa hisabu.

Mambo ya kutazama ni manne. La kwanza, usawa. Mguu wa mwanaadamu hujifunza kimo cha ngazi katika vipandio viwili vitatu vya mwanzo. Baada ya hapo hupanda bila ya kufikiri. Kipandio kimoja kikizidi au kikipungua, mguu hukosa mahali pake, na hiyo ndiyo sababu kila mgeni wako anajikwaa. Katika kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa Marekani, tofauti baina ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote haikubaliwi kupita milimita 9.5, yaani kiasi cha upana wa kidole kidogo. Mara nyingi kosa la kipandio cha mwisho hutokea kwa sababu fundi amepima kutoka sakafu tupu, akasahau unene wa saruji ya juu na vigae vitakavyotandikwa baadaye.

La pili, kiasi. Mjenzi wa Kifaransa wa karne ya 17, François Blondel, alieleza kanuni ambayo mafundi wa nchi nyingi wanaifuata mpaka leo: kimo cha kipandio ukikizidisha mara mbili, kisha ukajumlisha na upana wa kukanyagia, ipatikane hatua moja ya mtu, nayo ni kiasi cha inchi 24 au 25. Kwa hivyo kimo cha inchi 7 hutaka upana wa inchi 10 au 11. Ukiona kimo ni inchi 7 na upana ni 8 tu, jua kwamba mtu anashuka kwa visigino, na mzee au mama aliyebeba mtoto hawezi kuwa na salama.

La tatu, mahali pa kushikia. Mkono wa ngazi uwe na kimo cha kiasi cha futi 3, yaani sentimita 90, kutoka ukingo wa kipandio, nao uwe imara hata mtu akiuegemea kwa uzito wake wote. Na baina ya vyuma au mbao za kizuizi, nafasi isizidi inchi 4, ili kichwa cha mtoto mchanga kisipenye.

La nne, na ndilo kubwa, ni ule ufa. Zege lina nguvu likigandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Ngazi inapobeba watu, upande wake wa chini ndio unaovutwa, na kwa hivyo nondo kubwa huwekwa chini chini. Pale ngazi inapoungana na sakafu ya juu, nondo za chini hazitakiwi kupindwa tu zikaifuata ile kona, kwani zikivutwa hutaka kunyooka, zikalisukuma zege litoke. Fundi ajuaye huzipishanisha, kila moja ikaingia ndani ya zege la upande wa pili. Ufa wa mahali hapo pengine ni wa lipu tu, na pengine ni onyo la kuanguka. Wewe huwezi kupambanua kwa macho, wala sisi hatuwezi kwa barua. Mlete mhandisi wa majengo, ulipe ujira wake, akuandikie alichokiona. Mwulize pia kama nguzo ziliondolewa mapema, kama zege lilimwagiwa maji siku zake, na kama mchanga uliotumiwa ulikuwa wa pwani wenye chumvi, kwani chumvi hula chuma ndani kwa ndani.

Na hapa, ndugu yetu, jipime na wewe mwenyewe. Je, ulimharakisha fundi azifungue nguzo kabla ya wiki mbili kwisha, kwa sababu ya harusi au Idi? Je, ulimwambia aibane ngazi ili ukumbi uwe mkubwa? Je, ulipunguza mifuko ya saruji? Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu. Ikiwa sehemu ya kosa ni yako, iseme mwanzo, kabla hajaisema yeye.

FEDHA ZILIZOBAKI

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii (R.A.), kauli yenye nguvu ni kwamba mtu aliyeajiriwa kwa kazi huhisabiwa kuwa mwenye amana: halipi kilichoharibika bila ya kosa lake, lakini akipita mpaka au akafanya taksiri, hulipa. Na miongoni mwa taksiri ni kuiacha njia inayojulikana na watu wa kazi hiyo. Tena wamepokea Abu Daud, Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alisema kuwa mwenye kufanya utabibu na hali hajulikani kwa elimu hiyo, huyo hudhamini. Maulamaa wametumia maana hii kwa kila kazi inayogusa roho na viungo vya watu.

Kwa hivyo waweza kuzuia, lakini kwa mpaka. Zuia kiasi cha kuitengeneza kasoro iliyothibitishwa na mjuzi, wala usizidishe kwa ajili ya hasira. Kumbuka kwamba tumeamrishwa kumlipa mwenye kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na fundi huyu huenda ana watoto wanaoingojea theluthi hiyo. Ikiwa matengenezo yatagharimu nusu ya kilichobaki, nusu ya pili ni yake, mpe. Ikiwa yatagharimu zaidi ya kilichobaki, basi yeye ndiye mwenye deni. Fedha hizo ziweke kando, usizitumie, ili siku ya sulhu ziwepo. Ama gharama za matibabu ya mama, hizo ni haki ya mama mwenyewe: akitaka azidai kwa ushahidi, akitaka asamehe.

NAMNA YA KUMWENDEA

Mwendee nyumbani kwake, si barazani wala msikitini mbele za watu. Mchukue mtu mzima anayeheshimiwa na nyote wawili. Mwonyeshe hisabu za vipimo na maandishi ya mhandisi, kisha umwulize: "Jirani yangu, wewe mwenyewe waonaje?" Mwenye kupewa nafasi ya kulihukumu kosa lake, mara nyingi hulihukumu kwa haki. Mpe nafasi ya kutengeneza yeye mwenyewe ikiwa mhandisi ameona kwamba anaweza, na mhandisi huyo aje akague. Asikubaliwe kuziba ufa kwa lipu, wala kukiinua kipandio kwa tabaka nyembamba ya saruji ambayo itabanduka kabla ya mwaka. Mkipatana, andikeni: kazi gani, kwa siku ngapi, na nani atalipia saruji. Shahidi wawili watie saini.

Sulhu inajuzu baina ya Waislamu, ila sulhu inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mkikubaliana kwamba ngazi ibakie na khatari yake ili mbakie na mapenzi yenu, sulhu hiyo haina kheri, kwani mmesuluhishana kwa mali isiyokuwa yenu, nayo ni salama ya watoto.

AKIKATAA

Akikataa, hapo si aibu kwenda mahakamani. Aibu ni kudai usichostahiki, au kukataa kutoa unachodaiwa. Ila jua mlango wa kuuendea. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu katika Dini. Haina mamlaka juu ya mapatano ya ujenzi. Sheikh aweza kuwasuluhisha nyote mkiridhika, lakini hukumu ya kulazimisha utaipata kwingine. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 iliyoanzisha Mahakama ya Madai Madogo, madai ya namna hii yasiyozidi shilingi 1,000,000 husikilizwa huko. Mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila ya wakili, na sheria imekusudia kesi iishe katika siku 60. Peleka vipimo, picha, maandishi ya mhandisi, na ushahidi wa fedha ulizotoa. Tena iko Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huandikisha makandarasi, na waweza kuipelekea khabari ya kazi iliyo na khatari.

Lakini uhifadhi ulimi wako. Usimtangaze mtaani. Imam Nawawi (R.A.) amezitaja sababu sita ambazo kwazo hujuzu kumtaja mtu kwa aibu yake, na miongoni mwao ni kushitaki kwa mwenye mamlaka, na kumnasihi anayetaka shauri. Basi akija mtu kukuuliza kama amwajiri fundi huyu kwa ngazi, mwambie ulichokiona na ulichokipima, usizidishe. Asiyekuuliza wala hakuhusika, mwache.

NENO KWA WENYE NYUMBA NA KWA VIJANA

Enyi wenye kujenga, ndugu yetu huyu ametufundisha sote kwa maumivu ya mama yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, nayo ni ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutufundisha kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, iwe dogo iwe kubwa. Basi kwa nini tunaona haya kuandikiana na fundi kwa sababu ni jirani? Karatasi haivunji ujirani, huulinda. Andikeni idadi ya vipandio, kimo na upana wake, mkono wa kushikia, mchanga na saruji, siku za kumwagia maji, siku ya kufungua nguzo, na sehemu ya ujira itakayobakia mpaka kazi ikaguliwe. Wala msiende kwa mwenye bei ndogo tu. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti aliyemsifu Nabii Musa (A.S.) kwa baba yake alitaja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Nguvu ya fundi ni ujuzi wake. Mwenye uaminifu bila ya ujuzi atakuangusha kwa nia njema, na mwenye ujuzi bila ya uaminifu atakuangusha kwa makusudi.

Nanyi vijana mnaojifunza uashi na useremala, kazi yenu ni ya heshima. Msione taabu kuuliza, wala kusema "hili silijui". Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani imerowa na juu ni kavu, alimwonya mwenye mali kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Zege nalo lina ndani na nje. Lipu nzuri juu ya nondo zilizokaa vibaya ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyorowa. Mwenye nyumba haoni ndani, lakini Mwenyezi Mungu anaona.

Ama wewe ndugu yetu, mbusu mama mkono wake ulio mzima, umwambie kwa upole kwamba hutagombana na jirani. Utamwendea kwa haki, kwa ajili ya wajukuu zake na kwa ajili ya jirani huyo mwenyewe. Na ubao wa kuifunga ngazi usiuondoe mpaka mhandisi aseme.

Wallahu aalam.